Kilomita Arubaini za Mtwapa

Nilianza kulishuku gari siku tuktuk ya mizigo iliponipita juu ya daraja la Nyali ikiwa imebeba kochi. Mshale wangu wa spidi ulikuwa juu ya sabini. Mwenye kochi alikuwa amelikalia huko nyuma, mguu juu ya mguu, na alipofika sambamba na dirisha langu alinitazama kwa huruma, kama mtu amtazamavyo jamaa aliyelazwa. Kisha wakaniacha.

Tuktuk haifiki sabini. Haifiki hata ikisukumwa na watu wa mtaa mzima. Hilo nilikuwa nalijua, kwa kuwa nasomesha fizikia katika shule moja ya upili huko Changamwe, na mshahara wangu naupata kwa kuwaambia wanafunzi wasikubali jambo kabla ya kulipima. Nyumbani Mtopanga nina sifa mbaya kwa sababu hiyo hiyo. Ni mimi niliyeuliza ni nani hasa aliyethibitisha kwamba samaki na maziwa havikai tumbo moja, na ni mimi niliyekula vyote viwili mbele ya shangazi zangu, nikalala, nikaamka mzima, nikawaharibia wiki.

Na bado, kwa miezi mitatu mizima, nilikuwa nimeuamini ule mshale. Nilipitwa na malori ya saruji. Nilipitwa na magari ya maji. Nilipitwa na gari la kufunzia udereva lenye bango la mwanafunzi mbele na nyuma. Kila mara nilitazama mshale wangu, nikautazama ule mkia wa gari ukipotea, nikahitimisha kwamba Mombasa nzima imeingiwa na wazimu wa mbio na mwenye akili nimebaki peke yangu.

Gari lenyewe ni la Baba, na limenizidi umri kwa mwaka mmoja. Baba alikuwa karani bandarini. Kazi yake ilikuwa kusimama gatini na daftari, akihesabu magunia yanayoshuka melini, na tangu hapo neno la mtu halimkai moyoni mpaka liwe na namba. Alipopatwa na mtoto wa jicho, daktari akamkataza kuendesha. Mimi mwezi huo huo nikawa nimepata leseni. Kabla ya kunipa ufunguo alimwita fundi wake wa Mjambere, wakaondoka na gari pamoja, likakaa gereji siku mbili.

"Limepakwa grisi," aliniambia liliporudi. "Sasa ni lako la kwendea kazini. Kazini na kurudi."

Lile neno "na kurudi" alilitia mkazo, lakini mimi siku hiyo nilikuwa nashughulika kurekebisha kioo.

Basi ikawa kila Jumamosi asubuhi Baba anaketi kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja nje, lenzi ya kusomea imegusa kioo cha dashibodi, anasoma tarakimu za kilomita moja moja kwa sauti na kuziandika daftarini. Pembeni anaandika lita za mafuta nilizotia wiki ile. Nilidhani ni hamu ya kazi yake ya zamani tu. Magunia yamekwisha, sasa anahesabu gari.

Jumamosi iliyofuata ile tuktuk, aliniita.

"Mwanangu."

"Abee, Baba."

"Kutoka hapa hadi shuleni kwako ni kilomita ngapi?"

"Kumi na saba."

"Kwenda na kurudi?"

"Thelathini na nne."

"Siku tano?"

"Mia na sabini."

"Basi mbona gari lasema mia mbili na kumi?"

Nikahesabu upya kichwani. Baba akapindua kurasa za nyuma. Wiki zote kumi na mbili zilikuwa hivyo hivyo, mia mbili na kumi, kasoro au zaidi kidogo.

"Wiki ya kwanza nilisema umepotea njia," akasema. "Wiki ya pili nikasema labda kuna foleni."

"Foleni haiongezi kilomita, Baba. Huongeza saa."

"Usinisomeshe. Arubaini kila wiki. Kwenda Mtwapa na kurudi ni ishirini. Arubaini ni Mtwapa mara mbili. Nani yuwakungoja Mtwapa?"

Cherehani ya Mama ilikuwa ikilia ndani. Ikanyamaza.

"Hakuna mtu," nikasema. "Sijakwenda Mtwapa. Gari linakosea."

"Gari halina ulimi. Mwenye ulimi ni binadamu."

"Haya, kama nakwenda Mtwapa, mbona mafuta ni yale yale lita kumi na saba? Ya kufikia Mtwapa yanatoka wapi?"

Baba akafikiri. Hakufikiri sana. "Huyo wa Mtwapa ndiye akutiliaye."

"Na mkarimu!" Mama akasema kwa ndani.

Alitoka na sindano mdomoni, uso umechangamka kuliko nilivyouona tangu Idi. Mimi nina miaka ishirini na saba, na kwa Mama kila mwaka baada ya ishirini na tano ni kama mshono uliofumuka. "Mara mbili kwa wiki," alimwambia Baba, kama anayenitetea, "si mchezo. Huyo ni mtu wa maana. Mwambie aje nyumbani, mwanangu, hatumli."

"Mama, hayupo."

"Wa wapi asili yake?"

Baba alifunga daftari. "Nakupa mpaka Jumamosi ijayo. Ama unambie hizi arubaini wazipeleka wapi, ama ufunguo urudi msumarini." Msumari wenyewe uko juu ya mlango wa chumba chake, na ufunguo ukiwa pale hakuna mtu auondoaye.

Bila gari ningefika kazini. Walimu wenzangu wote hufika. Lililonikera ni kwamba nimeishi na Baba miaka ishirini na saba, nimeulizwa mbele yake nikajibu, na yeye akaenda kuuliza dashibodi.

Jumapili nikaanza uchunguzi. Niliifunga simu penye dashibodi, nikawasha ile programu ionyeshayo mwendo kwa setilaiti, nikaenda barabara ya Bamburi na kurudi. Mshale ukisema sabini, simu yasema hamsini na saba. Mshale mia moja, simu themanini na moja. Nilirudi nyumbani nikipiga honi kama nimetoka kuposa.

Baba aliitazama simu kwa mbali. "Hii ndiyo iliyotwambia harusi ya Bamburi iko baharini?"

Ilikuwa kweli. Mwezi uliopita tulikuwa tumefuata ramani mpaka ufukweni, watu saba na sinia la biriani, nayo ikatuhimiza tuendelee mbele.

"Hiyo ilikuwa ramani, Baba. Huu ni mwendo."

"Ni simu hiyo hiyo."

Jumatatu nikawaza tairi. Ukivalisha gari tairi ndogo kuliko zake, gurudumu huzunguka mara nyingi zaidi kwa safari ile ile, na gari hudhani limekwenda mbali. Nilichukua utepe wa kupimia wa Mama, nikatia alama ya chaki kwenye tairi na nyingine chini, nikaomba majirani wawili wanisukumie gari mpaka chaki irudi chini. Walisukuma. Wakaja wengine watatu kusimamia. Mmoja akauliza kama gari limekufa, wa pili akamjibu kwamba mwalimu analipima kanzu.

Nilipima, nikapata jibu la ajabu. Nikapima tena, likawa ajabu zaidi. Ndipo Mama alipotoka barazani akaniambia kwa utulivu kwamba utepe ule umevutika kwa uzee, na kwamba inchi mbili za mwanzo ziliungua kwa pasi, hivyo yeye huanzia tatu na kupunguza kwa macho.

"Na nguo za watu?"

"Zimewahi kurudi?"

Hazijarudi. Nikaacha utepe, nikainama na kusoma namba zilizochongwa ubavuni mwa tairi, nikazilinganisha na kibandiko kilichoko penye mlango wa dereva. Zilikuwa sawasawa. Tairi hazina kosa, na mimi nilikuwa na siku tano.

Nieleze kidogo kuhusu nyumba yetu, maana utepe ule haukuwa peke yake. Saa ya sebuleni iko mbele kwa dakika ishirini. Baba aliisogeza zamani ili asikose swala ya jamaa ya alfajiri msikitini. Siku tatu baadaye nyumba nzima ikawa inajua, na kila mtu akiitazama anapunguza ishirini kichwani, kwa hivyo Baba akaisogeza tena kumi kwa siri. Siri hiyo nayo tunaijua. Mgeni akiuliza saa kwetu hupewa majibu manne. Nilikua nikidhani kila nyumba iko hivyo. Nilipofika chuo kikuu nikafika kwenye mtihani wangu wa kwanza nusu saa baada ya wenzangu kuanza, maana saa ya huko nayo niliipunguza, nikajua.

Lakini siku zile sikuwa nawaza saa. Nilikuwa nawaza mafuta. Kwa sababu Jumanne jioni, nikiegesha, nilimsikia Baba barazani kwa jirani yetu muuza vitambaa, akijigamba.

"Zamani lita moja ilinipeleka kilomita kumi," alikuwa akisema. "Tangu lipakwe grisi, kumi na mbili na ushei. Wallahi. Ninayo daftarini."

"Gari la umri ule?" muuza vitambaa akauliza. Lake ni jipya na linakunywa kama ngamia. "Grisi gani hiyo?"

"Muulize fundi wa Mjambere."

Nilimngoja Baba mlangoni mwetu. "Shikamoo, Baba. Chagua moja."

"Marahaba. Nichague nini?"

"Ukisema mtu wa Mtwapa ananitilia mafuta, basi gari bado ni la kilomita kumi, na huko barazani umesema uongo. Ukisema gari limekuwa la kumi na mbili, basi hakuna anayenitilia, na sifa zote ulizopewa leo zimejengwa juu ya safari zangu za Mtwapa. Na mimi sikwenda."

Baba alisimama, kofia mkononi. Niliona wazi kwamba kati ya binti mzururaji na gari mlevi, hajui lipi limfedheheshe zaidi.

"Ijumaa nitafikiri," akasema.

Ijumaa hakufikiri. Jumamosi asubuhi, kabla hajatoa lenzi, nilimfungulia mlango wa abiria. Nilikuwa nimeshapata wazo usiku. Simu Baba haiamini, utepe wa Mama hauaminiki, mimi ndiyo kabisa. Kuna kitu kimoja tu Baba anachokiamini, nacho ni maandishi yake mwenyewe.

"Lete daftari lako la zamani," nilimwambia. "La wakati ukiendesha mwenyewe."

Alilileta upesi, kwa fahari. Miaka na miaka ya mwandiko mmoja: nyumbani hadi geti la bandarini, kilomita kumi na tatu. Kumi na tatu, kumi na tatu, kumi na tatu. Gari hili hili, njia hii hii.

"Twende getini," nikasema. "Wewe soma namba, mimi niendeshe. Sitapinda kona hata moja isiyokuwa yako."

Alifunga mkanda, akashika lenzi. Njia nzima alinielekeza, nami nikatii: hapa kulia, hapa usiwahi, huyu mpishe. Tulipofika getini aliinama juu ya dashibodi, akasoma. Akafuta lenzi kwa kanzu. Akasoma tena.

"Kumi na sita."

"Naam."

"Wamelisogeza geti."

Tulilitazama geti. Lilikuwa na kutu ya miaka arubaini na mti umeota ukutani kwake.

"Ama barabara imerefuka," nikasema, "ama na wewe Baba una mtu Mtwapa."

Hakucheka. Aliweka lenzi juu ya goti, na nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Nilidhani atabisha. Baba hubisha hata na redio. Badala yake alikuwa na uso wa mtu aliyeacha sufuria motoni na ndiyo kwanza akumbuke.

"Mshale na kilomita," aliuliza polepole, "ni vitu viwili mbalimbali, au?"

"Katika gari hili ni kebo moja. Inatoka kwenye giaboksi, inazungusha vyote viwili."

"Kebo moja."

"Moja."

Akavuta pumzi. "Twende nyumbani. Nimeshaamini. Yamekwisha."

Mtu mwingine angeshukuru. Lakini mimi nimezaliwa na ugonjwa wangu. "Yamekwishaje, Baba? Bado hatujui limeharibika wapi. Twende Mjambere kwa fundi."

"Fundi hayupo."

"Umejuaje?"

"Ana msiba."

Fundi alikuwepo, chini ya gari, miguu nje, akiimba. Ni mtu wa bara aliyekaa Mjambere muda mrefu na kuzoea kila kitu isipokuwa pilipili. Alijisukuma nje, akamwona Baba, akafurahi.

"Mzee! Madam! Karibuni. Umeniletea wateja wewe. Jana kuna mzee wa vitambaa amekuja hapa anataka ile grisi yako. Mimi nikashangaa, grisi gani?"

"Gari linasoma zaidi," nikasema. "Spidi na kilomita. Tairi ni sawa. Nadhani ni giaboksi."

"Si lazima idanganye?" fundi akasema. "Si ndiyo kazi mzee aliniambia nifanye?"

Baba akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, chenye maombi ndani yake, lakini fundi akamgonga mgongoni kwa huruma na kuendelea.

"Alikuja akaniambia, msichana wangu ameanza kuendesha, mimi nyumbani silali, fanya huo mshale umwogopeshe. Akienda sitini aone sabini na zaidi. Nikamwambia, hiyo ni rahisi, nachomoa mshale nausukuma mbele. Akakataa. Akasema gari ikiwa imesimama mshale utakuwa kwa kumi na tano, na wewe utaona, ati wewe huuliza hata chumvi kwa nini ina chumvi."

Nilimtazama Baba. Baba alikuwa akisoma tangazo la betri ukutani, bila lenzi.

Fundi akaingia ndani, akarudi na kopo la majarini, akatoa ndani yake gia ndogo ya plastiki, nyeupe iliyogeuka manjano. "Haka ndiko ka kwako kenyewe. Kana meno ishirini na moja. Mimi niliweka ka meno kumi na saba, kebo ikazunguka haraka. Haka mzee aliniambia nikaweke salama mpaka uolewe. Ukiolewa, ati wasiwasi utakuwa wa bwana."

"Mbona hukunambia kwamba kilomita nazo zitaongezeka?" Baba akamrukia.

"Mzee, hukuuliza."

Nilikaa juu ya tairi kuukuu, nikacheka mpaka fundi akaniletea maji. Ishirini na moja kwa kumi na saba. Mia na sabini kuwa mia mbili na kumi. Baba alikuwa amelisogeza gari mbele kama alivyoisogeza saa, kwa wema ule ule, akasahau, kisha akaja na lenzi kusoma uongo aliouagiza mwenyewe, akaniletea mashtaka.

Fundi aliirudisha gia yetu mahali pake kwa muda wa chai moja. Njiani tukirudi, tulipokaribia Mtopanga, Baba alinyoosha kidole kando ya barabara.

"Simama hapo."

Nikasimama. Akashuka, akanunua viazi vya karai vya moto na ukwaju wa ziada, jinsi ninavyovipenda tangu nikiwa darasa la tatu, akanikabidhi kupitia dirishani. Katika maisha yangu sijamsikia Baba akisema "nisamehe", na siku ile pia sikumsikia. Lakini ukwaju ulikuwa mara mbili.

"Ulikuwa huwezi kunambia tu nisikimbie?" nilimuuliza, mdomo umejaa.

"Ningekwambia, ungeuliza kwa nini."

Nikachovya kiazi kingine.

Ufunguo haukwenda msumarini. Barazani, muuza vitambaa alipouliza habari za gari la miujiza, Baba alijibu kwamba grisi imekauka. Aliyepata hasara ni Mama. Alisikiliza habari yote kutoka mwanzo, meno ishirini na moja, meno kumi na saba, kebo moja, na nilipomaliza akauliza, "Kwa hivyo Mtwapa hakuna mtu?"

"Hakuna, Mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akarudi kwenye cherehani. Alikuwa ameshaanza kukata kitambaa.

Siku hizi mshale ukisema sitini, ni sitini. Nimepima. Tuktuk nazipita, hata zisizo na kochi. Baba ameacha kusoma kilomita, lakini daftari bado lipo, na kila nikirudi kazini yuko kitini pale barazani ananisubiri, kalamu mkononi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekwenda spidi ngapi leo?"

Wiki ya kwanza nilimwambia kweli, sitini na tano, na chakula cha usiku hakukigusa. Tangu hapo nimejifunza.

"Hamsini, Baba."

"Alhamdulillah," husema, na huandika, na halafu huenda kula vizuri.

Juzi alipokwenda kutawadha nilichungulia. Nilitaka kuona hamsini zangu zilivyojipanga, safu nzima, neno langu likiwa limeaminiwa hatimaye bila lenzi. Kwa mwandiko ule ule wa bandarini, siku baada ya siku, alikuwa ameandika sitini na tano.